Nani Atamtangaza Mkimbiaji Wetu?

Maneno ya Kamati ya Fedha kwenye hafla ya harambee ya mwaka, Dar es Salaam



Kila mwaka Kamati ya Fedha hupewa dakika kumi na tano za kusoma mapato na matumizi, na kila mwaka watu huzitumia dakika hizo kwenda kutafuta soda. Safari hii hesabu zimechapishwa kurasa za nyuma, zimekaguliwa, mzisome wenyewe kwa utulivu. Dakika zetu tumeziombea kifungu kimoja tu cha bajeti, kile kilichozua kelele kwenye kikao kilichopita: vipaza sauti kwa ajili ya michezo ya shule zetu, pamoja na ada ya vijana wawili watakaosomea utangazaji. Mzee wetu mmoja aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, "Kuna watoto bado wanakaa chini darasani, nyinyi mnataka kununua kelele?" Kwenye kikao hatukumjibu vizuri. Leo tumejiandaa.

Tuanze na jedwali, maana sisi ni watu wa majedwali. Tarehe 20 Oktoba 1968, mbio za marathoni za Olimpiki, Mexico City. Walioanza ni 75, waliomaliza ni 57. Wa kwanza ni Mamo Wolde wa Ethiopia, saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Wa 57, yaani wa mwisho kabisa, ni mtu wa Mbulu, John Stephen Akhwari, saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Mhasibu akiliona jedwali hilo anafunga faili. Mtu amechelewa zaidi ya saa moja, ni wa mwisho, basi.

Lakini hakuna aliyeko humu ukumbini asiyemjua Akhwari. Mnajua alianguka njiani, mnajua goti lililofungwa bandeji, mnajua aliingia uwanjani giza limeshaingia na watu wengi wameshaondoka, na mnajua alivyojibu alipoulizwa kwa nini hakuacha: kwamba nchi yake haikumtuma aende kuanza mbio, ilimtuma azimalize. Mnayajua haya kwa sababu kamera ilikuwapo, na kwa sababu Mmarekani mmoja mtengeneza filamu, Bud Greenspan, aliona kuna habari pale ambapo jedwali halikuona kitu, akaisimulia miaka na miaka. Miguu ilikuwa ya kwetu, mdomo uliosimulia ulikuwa wa mtu mwingine. Tunamshukuru Bwana Greenspan. Lakini tunauliza: waliobaki je?

Maana hatuna upungufu wa miguu. Filbert Bayi ametoka Karatu, wakati huo ikihesabiwa ndani ya Mbulu, na tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, New Zealand, aliongoza mita 1500 kuanzia mlio wa bastola hadi kamba, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Gidamis Shahanga wa Hanang alichukua dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, kisha dhahabu ya mita 10,000 kule Brisbane mwaka 1982. Juzi tu, Aprili 2023, kijana wetu Gabriel Geay alikuwa wa pili Boston, kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 4, na nyuma yake, nafasi ya sita, alikuwapo Eliud Kipchoge mwenyewe. Mbio hizo zote zilitangazwa. Zilitangazwa na watu waliosoma majina yetu kama mtu anayetafuna mfupa. Mwenye jina lenye "tl", "q" au "hh" anajua tunachosema. Ukiitwa Tluway au Qwaray, utabatizwa upya kila unapovuka Babati.

Sasa tuseme kazi yenyewe ni nini, kwa sababu tuligundua kwenye kikao kwamba wengi tunadhani mtangazaji wa mpira ni mtu mwenye kelele tu.

Sisi tuliokulia Maretadu miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, nchi hii tuliiona kwa masikio. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, redio moja kwa nyumba kadhaa, betri zikichoka zinaanikwa juani juu ya bati au zinapashwa jikoni kando ya moto, na mzee mwenye redio ndiye anayeamua nani akae karibu. Uwanja wa Taifa hatukuwahi kuuona, lakini tulijua goli la kaskazini na goli la kusini kama tunavyojua njia ya kwenda Haydom. Novemba 1993 Simba walipocheza fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan, walishatoka sare ya bila kufungana ugenini, na kila mtu alijua kombe ni letu. Wakafungwa 2-0 pale pale Dar es Salaam. Wapo wazee walizima redio wakaenda kuchunga bila kusema neno. Hakuna picha hata moja tuliyoiona siku ile, na mpaka leo tunaweza kuwachorea mabao yote mawili.

Aliyetuchorea ni mtangazaji. Ahmed Jongo, Mikidadi Mahmoud, Charles Hilary na wenzao walikuwa macho yetu. Ukiwasikiliza kwa makini unagundua kwamba kelele ni sehemu ndogo sana ya kazi. Kwanza mtangazaji anakuweka mahali: timu gani inashambulia kutoka wapi kwenda wapi, imevaa nini, jua liko upande gani, upepo unavuma kuelekea goli lipi. Kisha mpira haumponyoki. Uko kwa beki wa kulia, unakwenda katikati kwa kiungo, unapigwa mrefu kwa winga, anamlamba chenga mmoja, anaingia eneo la hatari. Sauti inapanda kadiri mpira unavyokaribia lango, kiasi kwamba hata mtoto asiyeelewa maneno anajua kuna jambo. Na kila dakika chache anarudia matokeo na muda uliobaki, kwa sababu anajua kuna mtu ndiyo kwanza ametoka shamba amewasha redio. Hiyo ya mwisho ni adabu, na watangazaji wengi wa siku hizi wameisahau. Wanabishana na kutaniana, na wewe uliyechelewa unakaa robo saa hujui nani anaongoza.

Kazi hii haikuanzia kwetu, na si ya kale sana. Kule Canada, ambako mchezo wao mkubwa ni mpira wa magongo unaochezwa kwa viatu vya kuteleza juu ya barafu, kijana aliyeitwa Foster Hewitt alianza kutangaza mechi kwa njia ya simu mjini Toronto mwaka 1923, akaendelea na kazi hiyo miongo kadhaa hadi sauti yake ikawa sauti ya Jumamosi usiku ya nchi nzima. Uingereza, Januari 1927, BBC walipotangaza mpira wa miguu kwa mara ya kwanza, Arsenal na Sheffield United, gazeti lao la ratiba lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa miraba yenye namba. Mtangazaji anaeleza mchezo, na mtu wa pili pembeni anataja namba ya mraba ulipo mpira, nawe nyumbani unafuata kwa kidole. Waliogopa msikilizaji atapotea. Watu wa Redio Tanzania hawakutugawia mchoro wowote, na hatukupotea. Tunadhani hapo Kiswahili kiliisaidia sana kazi yao, maana ni lugha inayokimbia vizuri: anampa, anampokonya, anamrudishia. Neno moja linabeba mtendaji, mtendwa na tendo, na kwa mtangazaji kila sekunde ni mali.

Mzee wetu aliuliza tena: hii nayo ni kazi ya kumlisha mtu? Tuangalie maisha ya wawili watatu.

Charles Hilary alizaliwa Zanzibar, akajulikana kupitia Redio Tanzania, akahamia Radio One redio binafsi zilipoanza, akafanya kazi Ujerumani na Deutsche Welle, akaenda London na BBC, akarudi nyumbani kwenye Azam, na akamalizia Ikulu ya Zanzibar akiwa mkurugenzi wa mawasiliano na msemaji mkuu wa serikali. Alifariki Mei 2025, na walioomboleza walikuwa kuanzia viongozi wa nchi hadi madereva wa bodaboda. Juma Nkamia ni mtu wa jirani zetu, upande wa Kondoa. Naye alipita Redio Tanzania na BBC, akawa mbunge mwaka 2010, akawa naibu waziri mwenye dhamana ya habari na michezo. Tunamtaja kwa makusudi, kwa sababu kuna imani kwamba kipaza sauti ni mali ya watu wa pwani. Kondoa haina bahari.

Na Kenya walikuwa na Leonard Mambo Mbotela, aliyeingia Sauti ya Kenya mwaka 1964, akatangaza mpira, na kwa miongo mingi akaendesha kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?". Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi waliotaka kuipindua serikali walikwenda kumtoa nyumbani kwake alfajiri, wakamlazimisha asome tangazo lao. Walikuwa na bunduki, walikuwa wameshakishika kituo cha redio, na bado waliona bila sauti ya Mbotela wananchi hawatasadiki. Mapinduzi yalishindwa siku ile ile, naye akarudi kwenye kazi yake. Alifariki Februari 2025. Mwaka mmoja umetuondolea wote wawili, yeye na Hilary.

Lakini hatutawadanganya, maana tumezoea kuweka hasara kwenye safu yake. Kwa kila Hilary mmoja wapo vijana wengi wanaotangaza kwa posho ya nauli, bila mkataba, wakisubiri kuitwa. Sauti inaharibika, kituo kinabadilisha wenyewe, kijana mwingine mwenye maneno mapya anakuja. Fedha zimeongezeka kwenye sekta, hilo ni kweli. Mkataba wa haki za matangazo ya ligi waliosaini TFF na Azam Media mwaka 2021 ni wa miaka 10 na shilingi bilioni 225.6. Ila fedha za haki za matangazo huenda kwa wenye ligi na klabu, haziingii moja kwa moja mfukoni mwa anayeshika kipaza sauti. Kwa hiyo hatuji kuwaambia kwamba utangazaji ni utajiri. Ni taaluma, na kama taaluma zote ina mlango wake. Tangu Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, mlango huo una kitasa: unahitaji ithibati, na kanuni zinadai angalau stashahada. Zamani mtu mwenye kipaji aliokotwa uwanjani akapelekwa studio. Leo mtoto wa Maretadu mwenye kipaji, akikosa ufaulu wa kidato cha nne au akakosa ada ya chuo, kipaji chake kitaishia kwenye kijiwe cha bodaboda. Ndiyo maana kifungu chetu kina ada ndani yake. Vipaza sauti ni sehemu ndogo ya gharama, mtaona kwenye jedwali.

Liko na suala la lugha, na hili linatuuma. Wengi wetu tulianza shule tukiwa na Kiiraqw tu. Mmoja wa wanakamati, akiwa sekondari mbali na nyumbani, aliomba kusoma taarifa ya michezo paredi ya Ijumaa, akaambiwa mbele ya wenzake kwamba lafudhi yake itawachekesha watu. Hakuomba tena. Leo anaongoza idara benki na bado akisimama kuzungumza hadharani jasho linamtoka. Tunapotembelea shule zetu tunakuta watoto wale wale, wanaojua kila kitu kuhusu Simba na Yanga, wanaotangaza kwa raha kabisa wakiwa machungani, lakini mgeni akitokea wanatazama chini.

Hapo tena Canada ina la kutufundisha. Harnarayan Singh ni mtoto wa wahamiaji wa Kisikh, amekulia Brooks, mji mdogo wa Alberta, anapenda mchezo wa barafu kuliko chakula. Mwaka 2008 televisheni ya taifa yao ilipojaribu kutangaza mechi kwa Kipunjabi, alichukuliwa yeye. Lugha ile haikuwa na maneno ya mchezo ule, kwa hiyo yeye na wenzake wakayatafuta nyumbani: kile kidude cheusi cha mpira kinachopigwa na magongo wakakiita "tikki", ambayo ni kababu ya viazi ya bapa. Mabibi ambao hawakuwahi kuelewa wajukuu wao wanashangilia nini wakaanza kukaa nao sebuleni. Mwaka 2016 namna alivyolirudia jina la mchezaji Bonino baada ya goli la dakika za mwisho ilisambaa Marekani na Canada nzima, na baadaye akapewa mechi za kutangaza kwa Kiingereza. Alipanda kwa ngazi ya lugha ya nyumbani kwao.

Sisi redioni hatuwezi kufanya hivyo, maana kanuni za utangazaji nchini zinataka Kiswahili au Kiingereza, na sababu zake tunazijua na tunaziheshimu. Lakini kwenye uwanja wa shule, kwenye mbio za kijiji, kwenye mashindano ya kata, hakuna anayekataza. Mtoto atatangaza kwa Kiswahili, na bibi yake aliyekaa chini ya mti atatangaziwa kidogo kwa Kiiraqw aelewe mjukuu wa nani anaongoza. Walimu wawili tuliozungumza nao wamelipenda wazo hili, mmoja akasema afadhali kuliko filimbi yake.

Basi tunachonunua ni hiki. Spika mbili za kubebeka zenye betri ya kuchaji, kwa sababu viwanja vyetu havina umeme. Vipaza sauti vinne, kwa sababu viwili vitaharibika, tuwe wakweli. Vinasa sauti viwili, ili kila mashindano yahifadhiwe na mtoto ajisikilize mwenyewe nyumbani, maana hakuna mwalimu mkali kama sauti yako mwenyewe uliyorekodiwa. Na daftari. Mtangazaji mzuri hafiki uwanjani mikono mitupu. Anafika akiwa na majina yote, namba za jezi, shule alikotoka mchezaji, muda wake bora, nani alimshinda mwaka jana. Tumeomba kila shule iwe na daftari la matokeo ya riadha, wavulana na wasichana, lijazwe na watangazaji wanafunzi wenyewe. Hapo mhasibu na mtangazaji wanakutana, na mtusamehe tukionyesha furaha. Leo ukitaka kujua msichana gani wa Maretadu alikimbia mita 800 vizuri kuliko wote miaka kumi iliyopita, utauliza watu na kila mmoja atamtaja binamu yake.

Watakaofanya vizuri kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, tutaomba wakajaribiwe Radio Habari Njema pale Mbulu mjini. Hatujapewa ahadi yoyote, tunaomba tu. Watakaomaliza kidato cha nne na ufaulu unaotakiwa, chama kitawalipia stashahada wawili kwa kuanzia, mmoja lazima awe msichana. Masharti na namna ya kuwachagua yako ukurasa unaofuata jedwali la gharama.

Na madawati? Mzee wetu, madawati yako kwenye kifungu cha kwanza na hayajapunguzwa hata shilingi. Tulihakikisha hilo kabla ya kusimama hapa.

Neno la mwisho kuhusu mbio, kisha tunakaa. Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, jirani yetu wa Singida, Alphonce Simbu, aliingia uwanjani kumalizia marathoni ya mashindano ya dunia. Mbele yake alikuwapo Mjerumani Amanal Petros. Kilometa 42 zote zimekwisha, zimebaki hatua chache, na Simbu anakimbia kama mtu wa mita 100. Wote wawili wakaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha iamue, na picha ikasema Simbu, kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Kwenye jedwali ni mistari miwili yenye muda ule ule. Baadhi yetu tuliangalia kwenye simu, kwa Kiingereza, asubuhi kabla ya kazi. Mtangazaji alikuwa hodari, hatumlaumu, lakini hakujua Singida iko wapi wala kwamba ng'ambo ya pili ya mpaka wake kuna watu waliokuwa wamesimama wima wanapiga kelele ofisini.

Fomu za ahadi ziko mezani kwa akina mama wa mapokezi, na namba ya akaunti ya chama iko nyuma ya jalada. Ukilipa kwa simu, tafadhali andika jina lako kamili, si "Baba Fulani", maana mwaka jana tulikuwa na akina Baba Daudi wanne na stakabadhi tatu. Mwenyekiti, tunakurudishia kipaza sauti.